Bima ya Safari: Ubalozi Umeridhika, Je, Hospitali Itaridhika?

Wasafiri wengi wa kwenda Ulaya hukata bima kwa sababu tu ubalozi umeidai. Mtu anamwambia wakala "nipe ile ya viza", analipa, anachapisha cheti cha ukurasa mmoja na kukiweka kwenye faili pamoja na taarifa ya benki. Kijitabu cha masharti kinabaki kwenye barua pepe bila kufunguliwa. Ubalozi una mambo machache unayoyatazama kwenye cheti hicho. Hospitali ina maswali mengine kabisa, na majibu yake yamo kwenye kijitabu.

Kanuni ya viza ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, inataka bima isiyopungua yuro 30,000, inayokubalika katika nchi zote za eneo hilo, ambazo sasa ni 29, na inayogharimia matibabu ya dharura, kulazwa, kurudishwa nyumbani kwa sababu za kiafya, na kifo. Hicho ni kima cha chini. Uingereza haimo katika eneo hilo, kwa hiyo aliyekata bima ya Schengen pekee kisha akapita London siku tatu kumsalimia dada yake, siku hizo tatu hana bima. Mwenye viza ya kuingia mara nyingi naye ajue kwamba ubalozi ulidai uthibitisho wa bima kwa safari ya kwanza tu. Zinazofuata ni juu yake.

Kuna nchi ambazo hazidai bima kwa mgeni wa matembezi, na huko ndiko unakopaswa kuihofia zaidi bili. Uingereza, kitengo cha dharura cha hospitali za NHS, huduma ya afya ya umma, hakimtozi mgeni, lakini akishalazwa anaanza kudaiwa, na kiwango anachotozwa ni asilimia 150 ya gharama ya kawaida. Marekani haiulizi bima kwa viza ya matembezi. Hata hivyo, kwa wanaokwenda kwa viza ya J-1, ya wanafunzi na watafiti wa mabadilishano, serikali yake yenyewe imeweka viwango: dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, 50,000 za kumhamisha mgonjwa, na 25,000 za kurudisha mwili. Ukinunua bima ya kwenda huko kwa matembezi, usikubali chini ya hapo.

Sasa tuje kwenye maradhi uliyokuwa nayo kabla ya safari. Tuseme mzee mwenye presha na kisukari anakwenda kumtembelea mwanawe Houston. Fomu inauliza kama ana ugonjwa wowote, na wakala mwenye haraka anamwambia, "Andika hapana tu, mzee, bei isipande." Akipata kiharusi kule, kampuni itaomba kumbukumbu za kliniki yake ya nyumbani kabla ya kulipa, na dawa anazomeza kila siku zitaonekana. Dai zima linaweza kuanguka kwa neno moja la fomu. Ni afadhali aseme ukweli, alipe ada kubwa zaidi, kisha aulize bima inalipa nini hasa: mara nyingi ni hali ya kuzidiwa ghafla, si vipimo na dawa za kawaida. Aulize pia ukomo wa umri. Mama mjamzito naye aulize inamlinda hadi wiki ya ngapi.

Kipengele cha kurudisha mwili watu hawapendi kukisoma, nami nawaelewa. Lakini wenzetu walioko ughaibuni wanazijua vizuri zile harambee za WhatsApp mtu anapofariki na mwili ukisubiri nauli. Angalia kiwango kimeandikwa shilingi au dola ngapi. Familia ya Kiislamu ambayo ingependa maziko ya haraka huko huko iulize kama kampuni hulipia hayo pia.

Ukiugua, piga kwanza namba ya msaada ya saa 24 iliyo kwenye cheti, au mwenyeji wako akupigie. Matibabu yasiyo ya dharura yaliyofanywa bila idhini yao yanaweza kukataliwa. Tunza risiti na ripoti ya daktari.

Kuhusu mabegi, mimi nisingechagua bima kwa sababu yake. Mkataba wa Montreal wa 1999 tayari unalibana shirika la ndege kulipia begi lililopotea, kuharibika au kuchelewa, hadi vizio 1,519 vya SDR, fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), karibu dola 2,000 kwa abiria. Jaza fomu kabla ya kutoka uwanjani. Malalamiko ya begi lililoharibika yaandikwe ndani ya siku 7, na ya lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipolipokea.

Kabla ya kulipa, hakikisha kampuni na wakala wamesajiliwa na mamlaka inayosimamia bima, yaani TIRA kwa Tanzania au IRA kwa Kenya, na uulize utarudishiwa kiasi gani viza ikinyimwa. Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi, zikitaja kifungu cha mkataba. Barua hiyo ndiyo utakayoipeleka kwenye Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ukiwa Tanzania, au IRA ukiwa Kenya.