Je, wajua kwa nini gemu ya kusisimua hupoa ikigeuzwa filamu?

Gemu za mapigano na safari za hatari huonekana kama zimeshapikwa tayari kwa ajili ya sinema. Shujaa yumo, hazina imo, adui yumo, na majengo yanaporomoka kila baada ya dakika chache. Hata hivyo, tangu gemu ya Super Mario Bros. ilipotolewa kama filamu ya waigizaji mwaka 1993 na kupata hasara, orodha ya filamu za gemu zilizowasikitisha mashabiki imekuwa ndefu. Mbona kazi inayoonekana rahisi hivyo huwashinda watu wenye fedha na vipaji?

Sababu kubwa ni kwamba hofu ya gemu inatoka mikononi mwa mchezaji. Chukua gemu ya Tomb Raider ya mwaka 1996. Ili shujaa wake, Lara Croft, avuke shimo pana, ulimsogeza hadi ukingoni kabisa, ukamrudisha nyuma kidogo, ukamkimbiza, kisha ukabonyeza kitufe cha kuruka kwa wakati wake. Ukikosea, anaanguka na kufa, nawe unarudi pale ulipohifadhi mchezo. Ukifaulu, aliyeshinda shimo ni wewe. Mwaka 2001 Angelina Jolie aliigiza Lara huyo huyo, na anaruka kwa ustadi mkubwa. Lakini mtazamaji hana pedi ya kuchezea gemu mkononi, na anajua tangu anakaa kitini kwamba steringi hafi katikati ya filamu. Swali la "nitaweza?" limeshaondoka.

Hapo ndipo mwandishi wa filamu anapotakiwa kuleta swali jingine: mtu huyu anataka nini, na yuko tayari kupoteza nini ili akipate? Asipolileta, tunabaki kumtazama mtu mwingine akicheza.

Mfano ninaoupenda zaidi ni gemu ya Prince of Persia: The Sands of Time ya mwaka 2003. Mwanamfalme ana jambia linalorudisha wakati nyuma. Kwa mchezaji, jambia hilo ni msamaha: umeanguka, unabonyeza kitufe, sekunde chache zinarudi, unajaribu tena. Filamu ya mwaka 2010 haikuweza kuutumia msamaha huo, kwa kuwa mtazamaji hakosei chochote. Basi jambia likageuzwa kuwa kitu cha kugombewa. Nizam, ndugu wa mfalme, aliwahi kumwokoa kaka yake na simba walipokuwa wadogo. Sasa anataka kurudi siku hiyo amwache afe, ili kiti cha ufalme kiwe chake. Filamu yenyewe ina kasoro zake, lakini uamuzi huo ulikuwa wa akili sana. Kilichokuwa kitufe kikawa tamaa ya mtu. Jordan Mechner, aliyebuni gemu ya kwanza ya Prince of Persia mwaka 1989, ndiye aliyeandika hadithi ya filamu hiyo, na naamini kazi yake inaonekana hapo.

Halafu kuna suala la kuua. Nathan Drake, msaka hazina wa gemu za Uncharted, ni mcheshi na mtu wa watu, lakini mchezaji akiwa naye hupiga risasi maadui kwa mamia. Watengenezaji walilijua hilo: Uncharted 4 ya mwaka 2016 ina tuzo maalumu kwa anayefikisha maadui 1,000. Kwenye gemu, maadui hao ni vikwazo vya kupita. Mbele ya kamera, kila mmoja ana sura ya mtu, na kijana anayeua watu wengi hivyo huku akitania angetutisha. Filamu ya mwaka 2022, ambamo Tom Holland ni Drake, ilipunguza mauaji hayo sana na kuegemea ruka-ruka na mafumbo. Ilichukua pia tukio maarufu la ndege ya mizigo kutoka gemu ya tatu ya mwaka 2011, Drake akining'inia angani pamoja na makasha. Linapendeza macho. Kwenye gemu, hata hivyo, wewe ndiye uliyekuwa ukimpandisha.

Muda nao unabana: gemu ya saa 15 lazima iingie ndani ya saa mbili. Wengi hukata yale yasiyo na vishindo, na kwa maoni yangu hapo ndipo wanapokosea zaidi. Gemu ya The Last of Us, iliyogeuzwa tamthilia ya televisheni mwaka 2023, ilikwenda njia nyingine. Kwenye gemu, Frank, mwenzi wa mhusika aitwaye Bill, tunamkuta akiwa maiti, na mchezaji anaendelea na safari. Tamthilia ilitumia karibu kipindi chake chote cha tatu kuonyesha mapenzi ya wawili hao tangu walipokutana hadi walipozeeka. Kwenye gemu, sehemu kama hiyo ingemwacha mchezaji bila la kufanya. Mtazamaji hakuhitaji kufanya lolote.