Si kila kinachowasha ni aleji

Mtu anakwenda saluni kuweka dawa. Msusi anapigiwa simu, maongezi yananoga, dawa inapitiliza muda wake kichwani, na ikija kuoshwa kisogo kimebabuka. Kesho yake ofisini: "Kumbe mimi nina aleji na dawa ya nywele." Mwingine kanyoa kwapa, hapohapo akapaka limau ili weusi utoke, kawashwa mpaka machozi yakamtoka. Huyu ana aleji na limau. Wa tatu kanunua sabuni ya chunusi yenye asidi, anaitumia asubuhi na jioni, na juu yake anasugua dodoki. Uso umekauka, unamenyuka. Aleji tena.

Hao wote, kwa maelezo yao wenyewe, hawana aleji. Wamechokozwa ngozi, na mchokozi anajulikana.

Maana yenyewe ni fupi. Aleji, au mzio kama inavyoandikwa vitabuni, ni hali ambayo kinga ya mwili imekitia alama kitu ambacho watu wengi hakiwadhuru, ikakihesabu adui, na tangu hapo ikawa inakishambulia kila kikirudi, hata kikija kidogo. Pasipo hiyo kumbukumbu ya kinga hakuna aleji. Fasili imeisha. Kinachonikera ni kule kuichanganya na kuchokozwa, na hapo ndipo nitakapokaa.

Kuchokozwa hakudai kinga ikumbuke chochote. Dawa nyingi za kulainisha nywele zina hidroksidi ya sodiamu, ileile kostiki soda ya watengeneza sabuni, na pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali ambacho katikati yake ni 7, hufika kati ya 12 na 14. Kazi yake ni kuvunja vifungo vya keratini, protini inayojenga nywele, na ngozi ya kichwa nayo imejengwa kwa keratini. Ukiiacha ikae, itababua kichwa chako, changu, na cha msusi mwenyewe; tutakachotofautiana ni nani atawahi na nani atachelewa. Ndiyo sababu msusi makini anasema "ikianza kuchoma niambie", na ndiyo sababu unakatazwa kujikuna kichwa siku ya kuamkia kuweka dawa. Ni suala la ukali, kiasi na muda. Kitunguu kinamliza kila anayekikata. Kamba wa baharini anamvimbisha midomo mmoja tu kati ya wote waliokaa mezani. Wa kitunguu kachokozwa, wa kamba ana aleji.

Limau ni hivyohivyo. Pana asidi kali, pana ngozi iliyotoka kupitiwa na wembe, ulitegemea nini? Tena limau lina jambo la ziada. Ndani ya ganda na maji yake mna kemikali ambazo zikipigwa na jua huunguza ngozi, na ngozi ikipona inabaki na mabaka meusi kwa wiki kadhaa au hata miezi. Aliyepaka ili weusi utoke anauongeza. Hata huko kuungua kwa jua na limau si aleji, maana kunampata yeyote atakayepaka vya kutosha na kutoka nje.

Neno lenyewe, aleji, lilianza mwaka 1906. Daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet, alikuwa akifuatilia watoto waliochomwa sindano ya seramu, yaani maji ya damu, iliyotolewa kwa farasi, iliyokuwa tiba ya dondakoo. Yeye na mwenzake Béla Schick waliona kwamba mtoto akichomwa mara ya kwanza, homa na vipele huja baada ya siku nyingi. Akichomwa mara ya pili, huja upesi na kwa nguvu zaidi. Seramu ni ileile, aliyebadilika ni mtoto. Pirquet akaunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la "kingine" na moja la "kazi", kusema kwamba mwili umeanza kufanya kazi kwa namna nyingine. Fundisho limo humohumo: panahitajika mara ya kwanza ambayo mwili unajifunza, ndipo ije mara nyingine ambayo unajibu. Anayesema "nilipaka mara moja tu maishani, dakika hiyohiyo ikaniwasha, ni aleji" kwa kawaida anasimulia uchokozi.

Na hapo linageuka lile kosa la upande wa pili, ambalo kwangu ni baya zaidi: "Haiwezi kuwa hiyo losheni, naitumia miaka yote." Inaweza, tena sana. Kinga inaweza kukaa na kitu muda mrefu bila neno, kisha siku moja ikakitia alama. Kujifunza huko huchukua siku kumi hadi kumi na nne hivi, na hakukupigii hodi. Ukipata vipele usoni, ya kwanza kuachwa ni bidhaa mpya uliyoinunua juzi, nayo pengine haina kosa, huku ile ya zamani inaendelea kupakwa juu ya vidonda kama dawa. Pengine mwenye kiwanda naye kabadilisha kihifadhi, ile kemikali ya kuzuia bidhaa isiharibike, bila kubadilisha chupa. Kuna kihifadhi kimoja, methylisothiazolinone, kilichowahi kujaa kwenye losheni na vitambaa vya kujifutia; kiliwaletea watu aleji wengi kiasi kwamba Umoja wa Ulaya ulikipiga marufuku kwenye vipodozi vya kupaka na kuacha, kuanzia mwaka 2017. Kwenye orodha ya nyuma ya chupa kimeandikwa hivyohivyo, kwa herufi ndogo.

Saa inasaidia kutofautisha. Uchokozi mkali unachoma na kuuma, ndani ya dakika au saa chache, na unaishia pale ulipopaka. Aleji ya kipodozi inawasha kuliko kuuma, huja baada ya siku moja mpaka tatu, na inaweza kusambaa kupita mpaka wa ulipopaka. (Ipo nyingine ya haraka, ya mabaka yanayovimba ndani ya dakika. Hiyo ikifuatana na uso kuvimba au pumzi kubana, acha kusoma, nenda hospitali.) Vijitabu vingi vitakwambia utafute "wekundu". Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu namna hiyo. Itaonyesha rangi iliyokolea, ya zambarau au ya kijivu, na mguso wa joto na uvimbe, na ikiisha inaacha kivuli cheusi.

Ila mahali panadanganya. Aliyepaka rangi ya kucha anaweza kuwashwa kope, kucha zikabaki salama, kwa sababu mikono hugusa uso mara nyingi na ngozi ya kope ni nyembamba mno. Rangi ya nywele nayo: kichwa chenyewe kinastahimili, kinachovimba ni kope, masikio na shingo. Wanaobadilisha mafuta ya uso kila wiki kwa ajili ya kope zinazowasha, na kila mwisho wa mwezi wanakwenda kupakwa jeli kwenye kucha, nawaombea subira.

Nataka nikae kidogo kwenye piko, maana hapa ndipo aleji ya kweli ilipo na ndipo neno lenyewe halitumiki. Hina ni majani, inatoa rangi ya machungwa inayokolea kuelekea hudhurungi, inataka saa kadhaa mkononi, na siku ya pili ndiyo inaonekana vizuri. Nyeusi ya makaa, inayoshika haraka, haitoki kwenye hina. Ni piko, ambayo mara nyingi ni unga wa rangi ya nywele, na ndani yake mna kemikali inayoitwa kwa kifupi PPD. Ulaya imeiruhusu kwenye rangi ya nywele isizidi 2% ikishachanganywa, na hairuhusiwi kuchorwa juu ya ngozi kabisa. Michoro ya "hina nyeusi" imewahi kupimwa ikakutwa na zaidi ya 15%. Bibi harusi wa Zanzibar, Lamu au Mombasa anachorwa maua mazuri, na mtoto wa jirani anapewa kaua kamoja kwa mapenzi. Siku chache baadaye ua limeinuka, kila mstari malengelenge, na likipona linaacha alama ya umbo lilelile. Watu wanasema nini? "Piko ilikuwa feki." "Mchoraji kachanganya vibaya." "Kijicho." Aleji haitajwi, na hiyo ndiyo aleji yenyewe, ya kufa nayo. Yule mtoto, miaka ishirini baadaye, mvi za kwanza zikimtokea akaomba rangi nyeusi saluni, kinga yake haijasahau.

Nani basi wa kumlaumu anayesema "mimi natumia vya asili tu, havina aleji"? Mimi. Kinga haiulizi kitu kimetoka shambani au maabara. Karafuu ya Pemba ina eugenoli, mdalasini una sinamali, mchaichai una sitrali, na zote tatu zinahesabika miongoni mwa manukato yanayofahamika kwa kuleta aleji ya ngozi. Sisemi singo, ule mchanganyiko wa viungo vya kunukia, itupwe. Wengi wanasuguliwa nayo kabla ya harusi na wanatoka wakinukia bila kipele. Nasema tu kwamba "asilia" linakueleza kitu kimetoka wapi, halikuelezi ngozi yako itakipokeaje.

Maandishi ya kopo hayaaminiki zaidi. Unaona bidhaa imeandikwa kwa Kiingereza "hypoallergenic", neno la kuashiria kwamba haileti aleji kwa urahisi, unadhani kuna mtu aliyeipima. Marekani, mamlaka ya chakula na dawa, FDA, ilijaribu mwaka 1975 kuweka kanuni kwamba anayeandika hivyo aonyeshe kwa majaribio kuwa bidhaa yake inaleta aleji kidogo kuliko za wenzake. Almay na Clinique wakaenda mahakamani kuipinga. Desemba 1977 mahakama ya rufaa ikaifuta, na mpaka leo huko neno hilo linamaanisha chochote atakacho mwenye kiwanda.

Sasa kujaribu. Kupaka tone nyuma ya kiganja pale dukani, ukanusa, ukasema "imenikubali", kumekuonyesha harufu na ulaini. Aleji inayochukua siku mbili kujitokeza haitakusubiri kaunta. Losheni au mafuta ya kupaka na kuacha yajaribu upande wa ndani wa mkono karibu na kiwiko, eneo la ukubwa wa sarafu, mara mbili kwa siku, palepale, kwa wiki nzima. Madaktari wengine husema mpaka siku kumi na nne. Ukichoka siku ya pili, ulichopima ni uchokozi peke yake. Sabuni na shampuu usizipake kavu ukafunika na plasta, maana sabuni iliyofungiwa itambabua yeyote, nawe utarudi na "aleji" mpya ya kutangaza. Rangi ya nywele ina maelekezo yake kwenye pakiti, ya kuijaribu saa 48 kabla ya kupaka, na hayo hufuatwa kila unapotaka kupaka, hata kama mwaka jana ulipaka salama. Aliyewahi kubabuka kwa piko asijijaribu mwenyewe hata kidogo.

Kipimo cha hospitali ni kingine. Daktari wa ngozi anabandika mgongoni kemikali nyingi zilizopimwa ukali wake, zinakaa siku mbili, zinabanduliwa na kusomwa, kisha zinasomwa tena siku ya nne au zaidi. Aliyekianzisha ni Josef Jadassohn, mwaka 1895, na kemikali aliyoanza nayo ni zebaki. Anayepaka mkorogo wa kujichubua ajue anaweza kujiharibia hata kipimo hiki, kwa sababu steroidi, ambazo mara nyingi zimo, huzima majibu ya kinga. Ngozi inaonekana haina ugomvi na kitu, hadi siku mkorogo unaachwa.

Kwa hiyo ukikaa mbele ya daktari akakuuliza kama una aleji, mchezo wa limau na sabuni ya chunusi hauna haja ya kuingia kwenye faili. Ulizidisha, ukapunguza, yakaisha. Lakini lile ua la piko lililovimba ukiwa mdogo, ambalo hukuwahi kuliita aleji, mtajie. Mtajie na daktari wa meno, kwa kuwa kinga iliyoikariri PPD wakati mwingine huikataa na benzokaini, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kupaka ili kutia ganzi.