Rikombinesheni ya jeni, na kwa nini W ya kuku imechakaa

Kuku ana jozi 39 za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni. Kwa jogoo, kila kromosomu ina pacha wake. Kwa tetea, jozi 38 ziko hivyo, lakini moja ina kromosomu Z ndefu na W fupi, iliyochakaa. Jogoo ni ZZ, tetea ni ZW. Kwa hiyo kwa ndege ni yai la mama linaloamua jinsia ya kifaranga, kinyume na sisi binadamu.

Zamani sana Z na W zilikuwa jozi ya kawaida tu. Kilichozitenga ni kukoma kwa rikombinesheni.

Mwili unapotengeneza yai au mbegu ya kiume, kromosomu mbili za jozi hulala sambamba, hukatika mahali palepale na kubadilishana vipande. Hiyo ndiyo rikombinesheni. Kromosomu anayoipata mtoto huwa mseto wa ile ya babu na ile ya bibi. Faida yake si ndogo: jeni mbovu ikiwa jirani na jeni nzuri, mabadilishano haya huziachanisha, na uteuzi wa asili ukaiondoa mbovu bila kuipoteza nzuri. Yakikosekana, zote mbili husafiri pamoja kizazi hadi kizazi.

Z na W ziliacha kubadilishana kwa awamu, sehemu moja baada ya nyingine. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba kipande cha kromosomu kilikatika, kikapinduka, kikajiunga tena kinyumenyume. Jeni zake hazikupangana tena na za mwenzake. Z ilinusurika, kwani ndani ya jogoo hukutana na Z nyingine. W haina bahati hiyo. Hutoka kwa mama kwenda kwa binti, daima ikiwa peke yake, na makosa yake hayana njia ya kuondoka. Leo W ya kuku imebaki na jeni kama 28, ilhali Z ina mamia. Nyingi kati ya hizo zilizobaki ni zile ambazo mwili hauwezi kuzimudu kwa nakala moja.

Mbuni ndiye anayenivutia zaidi. Alirithi jozi ileile kutoka kwa babu wa ndege wote, ila Z na W zake bado hubadilishana vipande kwa takriban theluthi mbili ya urefu wake. Kumbe si umri peke yake unaochakaza kromosomu.

Tofauti hii huonekana hata maabara. Dume na jike wa kasuku wengi hawatofautiki kwa macho, hivyo huchukuliwa unyoya au tone la damu na kupimwa jeni CHD1, iliyopo kwenye Z na kwenye W kwa urefu tofauti. Majibu ya kipimo yakionyesha mstari mmoja, ni dume; miwili, ni jike. Kwa mbuni kipimo hicho hakisaidii: CHD1 ya Z na ya W bado hazijaachana.