"Semeni tu, kalala huyo": si kweli

Chake Chake tunaambizana hivyo: karatasi ya talaka ipo mezani, baba na mama wanapandishiana sauti, kichanga yumo ndani ya chandarua. "Kalala, hajui kitu."

Ubongo haulali hivyo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walipiga picha za ubongo wa watoto 20 wa miezi 6 hadi 12 wakiwa usingizini, huku wakisikilizishwa sauti ya mwanamme akitamka maneno yasiyo na maana. Kwa wale ambao kwao kuna ugomvi mwingi, sauti ya hasira iliamsha zaidi sehemu za ubongo zinazohusika na mfadhaiko. Maneno hawakuyajua, lakini ghadhabu waliitambua.

Wakubwa kidogo hulalamika tumbo, hasa siku ya kwenda kwa baba. Sisi mbio kumpa dawa ya chango! Ila hofu nayo humwaga homoni zinazofanya moyo kwenda mbio na tumbo kukaza.

Wengine husema basi kosa ni talaka yenyewe. Si hivyo tu. Utafiti wa Marekani wa 2017 uliwatia watu wazima 201 virusi vya mafua kwa makusudi. Waliokua na wazazi walioachana wasisemezane waliugua kwa uwezekano zaidi ya mara 3 kuliko waliolelewa na wazazi walio pamoja. Ambao wazazi wao waliachana lakini wakisemezana, hatari yao haikuzidi.