Mchanganyiko mkavu: kinachoifanya mashine ya boti ikatekate baada ya kubadilishiwa kabureta

Mchanganyiko mkavu ni hali ya silinda kupata hewa nyingi kuliko petroli iliyopo. Ili petroli iungue yote, gramu 1 huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Kazi ya kabureta ni kulinda uwiano huo, na jeti, kile kitundu chembamba cha shaba, ndiyo hupima petroli inayopita. Ukifunga kabureta nyingine, hata inayofanana kabisa na ya zamani kwa umbo, kipimo kinaweza kuwa kimebadilika. Soma namba iliyogongwa kwenye jeti, uilinganishe na ile ya zamani.

Katika mialo ya Ziwa Viktoria nchini Uganda, kama Ggaba na Masese, mashine nyingi ni za mipigo miwili, zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili, mara nyingi lita 1 ya oili kwa lita 50. Hapo ndipo ukavu unakuwa hatari kweli. Petroli ikipungua, oili nayo inapungua, na wakati huohuo joto linapanda. Pistoni hukwaruza silinda, kisha hung'ang'ania ikiwa mbali na nchi kavu. Mlio mbaya usiupuuze kwa sababu tu boti bado inatembea.

Kuna kinyume chake, mchanganyiko mzito: petroli imezidi, moshi mwingi, plagi nyeusi iliyolowa. Huo unakula mafuta na kuchafua plagi, ila hauui mashine haraka.

Kutofautisha hali hizo mbili si kazi ngumu. Mashine ikiwa inakatakata, vuta kidogo choki, ile inayopunguza hewa inayoingia. Mlio ukitulia, ilikuwa na njaa ya petroli. Ukizidi kuharibika, petroli ilikuwa tayari nyingi. Kisha binya kile kipira cha kupampia mafuta. Ikiwa kila unapobinya mashine inapata nguvu, usiilaumu kabureta: angalia paipu, chujio, pampu na tundu la hewa kwenye mfuniko wa tangi.

Mimi ningeanza na gasketi, kile kizibo chembamba cha kwenye maungio. Kabureta ikifungwa kwa gasketi ya zamani, au boliti zikikazwa upande mmoja, hewa hupenya pembeni bila kupimwa. Nyunyizia maji ya sabuni kwenye maungio mashine ikiunguruma polepole. Yakivutwa ndani au mlio ukibadilika, umepata tundu. Mafundi wengi hukimbilia skrubu ya marekebisho, na skrubu hiyo hutawala mwendo wa chini tu. Mashine inayotulia polepole lakini inakatakata ukifungua mafuta yote ina tatizo la jeti kuu au la mafuta kutofika.

Mwinuko nao una neno. Ziwa Viktoria liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyopimwa pwani huelekea uzito hapa. Ziwa Albert liko chini zaidi, karibu mita 620. Fundi wa Jinja akipunguza jeti ili ifae kwake, mashine ileile ikipelekwa Butiaba, kwenye Ziwa Albert, huelekea ukavu. Tofauti ni ndogo, lakini kwa mashine iliyokuwa ukingoni inatosha kudhuru.

Jeti kuu haipimiki bila mzigo. Jaribu karibu na mwalo, kasia zikiwa botini, kwa mwendo wa juu wa muda mfupi; zima ghafla, toa plagi uitazame. Rangi ya kahawia ni nzuri. Ikiwa nyeupe, rudi ufukweni ukatafute petroli inakokwama au hewa inakoingilia.