Kusoma kwa sauti si kwa watoto tu

Wengi tumekua tukiambiwa kwamba kusoma kwa sauti ni kwa watoto wa chekechea, na mtu mzima akifanya hivyo basi hajui kusoma vizuri. Si kweli. Mwaka 2010 mwanasaikolojia Colin MacLeod na wenzake nchini Kanada walionyesha kwamba maneno yaliyotamkwa hukumbukwa vizuri zaidi kuliko yaliyosomwa kimya. Mdomo umelitengeneza neno, sikio limelisikia, tena kwa sauti yako mwenyewe, kwa hiyo linabaki na alama ya ziada kichwani. Hata kusikiliza rekodi ya sauti yako hakufikii kulitamka papo hapo.

Watoto wa miaka 5 hufaidika, vijana wa chuo pia, hata wazee, ingawa kwao nafuu huwa ndogo. (Bibi anayenong'ona orodha ya sokoni hajachanganyikiwa.)

Lakini usimkeshe jirani kwa kusoma kitabu kizima. Neno lililotamkwa hujitokeza kwa sababu mengine yamesomwa kimya. Ukipaza sauti kwa yote, faida hupungua. Tena husaidia kukumbuka neno, si lazima kuelewa hoja. Tamka istilahi, majina na miaka. Maelezo marefu yasome kimya.