Alama ya = hainakili orodha

Wanaojifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, hapa Kisumu bado hurithishana dai kwamba ukiandika `jana = leo`, umepata nakala ya orodha. Hapana. Tuseme `leo = [400, 500]`, bei za samaki, ngege na mbuta, pale ufuoni Dunga. Baada ya `jana = leo` kuna orodha moja tu, yenye majina mawili; andika `leo[0] = 450`, yaani badilisha bei ya kwanza, na `jana[0]` nayo itasoma 450. Kwa namba tupu huwezi kuliona hili, maana namba haibadiliki ndani yake, na nadhani ndiyo sababu dai limedumu. Nakala huombwa: `jana = leo.copy()`. Hata hiyo hunakili tabaka la juu pekee. Orodha zilizomo ndani huendelea kushirikiwa, mpaka utumie `copy.deepcopy(leo)`.